Kidole cha Buluu

Kwa miaka tisa, printa kubwa ya mabango ilimtii Fundi Mkuu peke yake. Sasa bosi ameapa kuikabidhi kwa shemeji yake mwenyewe, mgeni wa wiki mbili tu kazini, bango la leo likitoka limenyooka.

Fundi akaona wivu. Shemeji alipogeuka, fundi akainua kigurudumu kimoja cha kubana turubai la bango. Bango likaenda upande, likajikunja.

"Nani kagusa hapa?" bosi akafoka.

Shemeji akakiona kigurudumu, kina alama ya kidole cha wino wa buluu. Akavitazama vidole vya fundi, vyenye wino uleule.

"Kimelegea chenyewe, shemeji," akamjibu bosi, akakishusha.

Bango likachapwa upya, likatoka limenyooka kama rula. Fundi akanuna maradufu: hata kwa uongo kazidiwa!