Niachie Upande Wangu

Kioo cha mita mbili kwa mita moja na robo, unene milimita sita, kina uzito wa kilo thelathini na saba na nusu. Hubebwa na watu wawili kikiwa kimesimama kwa ukingo wake mrefu, kila mmoja mwisho mmoja, kwa hatua moja. Fundi alikuwa amebeba vioo namna hiyo miaka kumi na minane, sita ya mwisho akiwa na wifi yake, dada wa mumewe. Kisha akakatwa titi la kushoto, akakaa nyumbani miezi saba.

Alirudi kwa ruhusa ya daktari. Mtaalamu wa viungo alikuwa amempima: bega la kushoto limepanda sentimita mbili, kiwiliwili kimeegemea kulia. Mwanzoni aliweza kusimama kwa mguu mmoja sekunde tisa. Sasa arobaini na moja.

Lakini akishika kioo aliyumba. Mara nne katika siku tatu, na mara ya nne kona iligonga mlango ikameguka. Mwenye karakana hakugomba. Kwa upole, jambo lililokuwa baya zaidi, alimwambia kwamba kuanzia Jumatatu atakaa kaunta. Akaongeza kuwa ingefaa ajaze kitambaa pale kifuani, maana wateja wanashangaa.

"Wamekuja kununua vioo," fundi alisema. "Wajishangae wenyewe humo."

Mchana huo alibandika pimamaji, kile kipimo cha usawa chenye kiputo cha hewa, juu ya kioo, akamwomba wifi yake wavuke nacho uwanja mara kumi. Mara zote kumi kiputo kilikimbilia kwa wifi, yaani mwisho wake ulikuwa juu. Kisha akamtaka mwenye karakana ashike mahali pa wifi. Huyo alilalamikia mgongo wake, lakini akashika. Kiputo kilitulia katikati, na fundi hakuyumba.

Alimvuta wifi yake nyuma ya rafu za fremu. Wifi alianza na utani, kwamba mgonjwa gani huyu anayewapima wazima. Fundi hakucheka.

"Wifi, unaninyanyulia."

"Kidogo tu. Nakupunguzia."

"Hunipunguzii. Ukiinua kwako, uzito unalalia kwangu. Halafu unanivuta, napoteza hatua."

Wifi alisema ndiye aliyembadilishia bandeji, kidonda alikiona, na mikono yake inainuka yenyewe. Ilikuwa kweli, na haikubadilisha hesabu.

"Nilipolala ulinihurumia, ahsante. Sasa nimesimama. Niachie upande wangu."

"Na ukianguka je?"

"Nitaanguka na kilo zangu."

Kesho yake wote watatu walipeleka kioo shule moja, ghorofa ya pili, ngazi thelathini na mbili. Kwenye ngazi, anayeshika chini ndiye hubeba zaidi. Wifi alikuwa ameshajiweka hapo. Fundi akamsogeza kwa kiwiko. Mwenye karakana alisema haiwezekani.

"Jana ulibeba na mimi," fundi alisema. "Nani aliyumba?"

Mwenye karakana akasogea kando.

"Basi tushikie mlango."

Kwenye ngazi ya tisa kiwiliwili kiliegemea kulia, kama kawaida yake mpya. Hakupigana nacho. Alipanua mguu wa kulia nusu hatua, akaendelea. Mtaalamu alikuwa amemweleza kwamba mwili haurudi ulivyokuwa. Hutafuta mahali pengine pa kusimamia, na haupapati kwa kukaa. Kwenye ya ishirini alihisi mwisho wa juu unaanza kupaa.

"Shusha, wifi."

Wifi akashusha. Mikononi mwa fundi ukabaki uzito wa haki yake tu, si zaidi, na akaujua.

Walipokiingiza kioo kwenye fremu, kwapa la kushoto lilikuwa linawaka na shati limelowa, likimganda bapa upande mmoja. Mwenye karakana aliuliza kama hahitaji kupumzika, kisha, bila kumtazama, akauliza kuhusu Jumatatu.

"Kaunta mpe mwingine," alisema fundi, akianza kushuka. "Wifi, twende. Cha pili bado kiko kwenye gari."