Maua ya Mama Langoni kwa Tryphosa

Januari ukipita penye maua yangu utasema hapana kitu. Ni majani makavu tu chini ya miparachichi, upande wa kijito. Lakini vitunguu vyake, si vile vya kula, vimelala humo udongoni, vikingoja mvua ya Machi. Ikinyesha mara mbili, vinatoa ua jekundu, duara kama mpira, hata kabla ya jani la kwanza. Mama alinifungia vitunguu hivyo kikapuni nilipoolewa kutoka Kebirigo kuja hapa Ikonge. Mama hayupo tena.

Asubuhi moja nikakuta mashimo kumi na tisa. Hakikubaki hata kimoja. Mchimbaji alijua pa kuchimba, maana ni mimi niliyemwonyesha, nikijisifu: Tryphosa, mke wa shemeji yangu. Tumetenganishwa na mistari minne ya majani chai. Nikachungulia. Langoni kwake, juani kabisa, palikuwa na tuta jipya. Akina mama wa kanisa wangekuja kwake kwa maombi mwezi wa tatu, naye alitaka wapokelewe na maua.

Ningevuka nikayadai. Angelia kidogo, angerudisha. Lakini huyu ndiye aliyetangaza kwenye matanga ya mama yangu kwamba ugali ulikuwa mbichi. Nikanyamaza.

Jumatatu akaja na kikombe kitupu, eti anaomba chumvi.

"Mama Nyasani, mtu akiwa na maua kama yale yako, anayatunzaje?"

"Mtu yupi?"

"Mtu tu. Wa Nyanchwa huko."

"Mwambie huyo wa Nyanchwa ayamwagilie asubuhi na jioni. Yana kiu kama mume wako."

Akacheka. Hata yeye humsema.

"Na mbolea?"

"Ile ya majani chai. Kiganja kizima kila shimo, asiogope."

Hakushuku. Huku kwetu mbolea ya chai tunaitia kwenye mahindi, kwenye sukuma, na mtoto akikawia kurefuka tunaitazama mara mbili. Lakini vitunguu vile vinataka kivuli, kiangazi na kusahauliwa. Ukivimwagilia vikiwa usingizini, vinaoza.

Sabato ya wageni ilifika, mvua imeshanyesha wiki nzima. Tuta lilikuwa tupu kama meza ya maskini.

"Tryphosa, yako wapi maua uliyotuahidi?" akauliza Nyamusi, mwenyekiti wetu.

"Yanakuja."

"Yanakuja na gari gani?" nikauliza mimi.

Wakacheka wote. Tryphosa akatazama viatu vyake. Miezi miwili nilikuwa nimeingojea sura ile, nikaitazama mpaka nikashiba.

Walipoingia ndani nilibaki langoni. Nikachutama, nikafukua kwa kidole. Kitunguu cha kwanza kilikuwa uji, kinanuka. Cha pili vilevile. Nikaendelea kufukua kwa mikono yote miwili, siku ya Sabato, mimi ninayewakemea watoto wakichuma mboga. Vyote kumi na tisa.

Tryphosa alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Ulijua ni mimi," akasema.

"Nilijua."

"Na ukaniambia niyamwagilie maji."

"Nilikuambia."

Akaitazama mikono yangu, uozo umejaa kwenye kucha.

"Mimi niliiba," akasema. "Lakini nilitaka yachanue."

Ndani walianza wimbo. Sauti ya pili huwa yangu. Waliimba bila mimi mpaka ubeti wa mwisho.