Theluji ya Kaloleni

Maji ya Kaloleni huja kama mgeni asiyebisha hodi. Kwanza mfereji unakohoa. Halafu unavuta pumzi ndefu yenye harufu ya kutu, na ukiwa umekaa karibu utadhani kuna mtu ndani ya paipu anayejaribu kukumbuka jina lako. Kisha yanatoka, mekundu mwanzo, baadaye meupe. Hayakai. Aliyelala amekosa, aliyeenda kazini amekosa.

Ndiyo sababu tuna programu ya simu inayoitwa Mfereji. Ukisikia wako unakohoa, unaandika uko wapi, na nyumba nyingine zinajua. "Yamefika kwa Mama Annah." "Yamepita kanisani, yanaelekea ukumbini." Mimi huyasoma hayo asubuhi kabla sijatoka kitandani, na huyaona maji yakitembea chini ya ardhi kama ng'ombe wanaotoka malishoni, kila mmoja akijua boma lake.

Aliyetuwekea ni Celine, binti wa Truphena anayekaa karibu na ukumbi. Hakuiunda tangu mwanzo. Aliichukua kwa watu wa mbali, nchi ya baridi, walioitengeneza ili waambiane barabara ipi imezibwa na theluji. Ni programu huria, ndivyo alivyonieleza: matumbo yake yako wazi, yeyote anaweza kuyaangalia, kuyachukua, kuyageuza na kwenda na yake. Celine akatoa barabara, akatia mifereji. Kitu kimoja tu alikiacha. Unapoifungua, kabla haijaamka vizuri, kinatokea kiua kidogo cha theluji, cha buluu, kinazunguka polepole. Alisema alikipenda. Basi kila simu mtaani kwetu ina theluji, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuishika.

Mimi nilichaguliwa kuwa msimamizi. Kanuni yangu ilikuwa moja: maji tu. Ukitangaza harusi, nafuta. Ukiuza viatu, nafuta. Ukileta siasa, nafuta maneno yako na wewe mwenyewe nakutoa.

Niliyemtoa ni Caleb.

Caleb alifanya kazi ya reli mpaka akastaafu, na tangu astaafu alikuwa akija kwenye banda langu nyuma ya ukumbi. Mimi ni mchongaji. Nachonga twiga na vifaru wanaouzwa kwa watalii. Mimi napiga tezo, yeye anapiga msasa. Sikumwajiri. Alisema mikono yake ilizoea kushika kitu. Tulikaa hivyo mchana kutwa, yeye akinieleza serikali inavyokosea, mimi nikimweleza anavyokosea yeye, na vumbi la mti wa muhugu likielea katikati yetu likinukia vizuri, mpaka maneno yenyewe yakawa kama yanaelea.

Mwaka huu maneno yalizidi. Uchaguzi unakaribia, vijana wanaandamana mjini, na mtaani kuna uvumi kwamba nyumba zetu za zamani zitabomolewa zijengwe ghorofa. Caleb akaanza kuyaandika hayo ndani ya Mfereji. Mtu anaandika, "Yamefika kwa Mama Annah," yeye anaandika chini yake, "Na Mama Annah mwenyewe atafika wapi wakibomoa?" Watu wakajibizana. Makabila yakatajwa. Asubuhi moja maji yalikuja upande wa reli, habari yake ikazama chini ya matusi, na upande mzima ukalala na madumu matupu. Nikamtoa.

Alikuja bandani. Hakukaa.

"Umenitoa?"

"Nimekutoa. Kanuni unaijua."

"Maji tu."

"Maji tu."

"Mwangangi, mfereji umefungwa kwenye nyumba. Nyumba ikiondoka, mfereji utautundika wapi? Hewani?"

"Hayo tuyaongee hapa. Kule ni kule."

"Hapa tuko wawili, omera, ndugu yangu. Na mmoja hasikii."

Akaweka msasa juu ya meza, akaenda zake.

Siku chache baadaye simu yangu ililia. Caleb alikuwa ametuma linki, na maneno mawili: "Angalia yangu." Nikaifungua kidogo. Kilitokea kiua kilekile cha theluji, ila kilikuwa chekundu. Alikuwa ameichukua Mfereji nzima, akaifanya yake, akaiita Mfereji na Nyumba. Nikaona ananicheka. Nikaifunga, na sikumjibu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Celine. Alikuwa akianika nguo.

"Umempa Caleb Mfereji?"

"Sasa, mzae. Kwanza salamu."

"Sasa. Umempa?"

"Sikumpea. Hiyo kitu ni ya kila mtu. Aliniuliza mlango uko wapi, nikamwonyesha."

"Mlango wa kutuvunja."

Celine alibana shuka kwenye kamba kabla ya kunijibu. "Hata wale wa theluji walivunjika. Wako na baraza lao la kuongea mtandaoni. Vita vikatokea kwa majirani wao, wengine wakasema tuongee hii maneno, wengine wakasema hapa ni barabara tu. Walitukanana mpaka wakagawana. Sasa programu ni mbili."

"Na hawaongei?"

"Hawasalimiani hata. Lakini huyu akirekebisha kitu kwake, yule anakichukua anaweka kwake. Inaruhusiwa."

"Hiyo si akili."

"Labda," akasema. "Lakini barabara zao zinapitika."

Nusu ya mtaa ilihamia kwa Caleb. Kikundi changu kikawa kimya na kisafi, kama nyumba ambayo wageni wamekataa kuja. Banda nalo likanyamaza. Vifaru walijipanga ukutani na ngozi zao mbaya, kwa sababu mimi sina subira ya msasa. Mchana jua likiingia kupitia matundu ya bati nilikuwa nasinzia, na kila nikisinzia theluji ilianguka Kaloleni. Ilianguka juu ya vigae, juu ya kamba za nguo, juu ya madumu yaliyopangwa foleni. Haikuwa na baridi. Ilinukia muhugu. Nilimwona Caleb akitembea ndani yake akifuata reli, mgongo wake ukififia, nami nataka kumwita lakini mdomo umejaa vumbi. Nilikuwa naamka na tezo mapajani, na kiti chake kiko palepale, kimekaliwa na hewa.

Nilitaka arudi. Nasema hivyo wazi. Lakini kanuni ilikuwa nzuri na mimi sikuwa tayari kuivunja.

Nyumbani madumu yalikuwa yamejaa kila siku. Hilo lilinishangaza, kwa sababu kwenye kikundi changu hakuna aliyesema maji yamekuja.

"Mama Ndanu," nikamwambia mke wangu Mutheu, "haya maji yametoka wapi?"

"Kwa mfereji."

"Ulijuaje yatakuja?"

Mutheu alikuwa akikata mboga za sukuma. Hakuinua macho. "Niliona theluji."

"Ya rangi gani?"

"Baba Ndanu, unataka kuoga ama unataka rangi?"

Nikaoga.

Wiki hiyohiyo Nzivo alikuja bandani. Nzivo ni mchongaji mwenzangu, mtu mzima mwenye wajukuu. Tulichonga pamoja miaka mingi kabla hajafungua banda lake majuzi kule Mukuru kwa Njenga. Alikuwa amebeba kitu kilichofungwa kwa gazeti. Akakifungua: twiga, shingo imepinda kidogo kushoto, kama mnyama aliyesikia anaitwa. Huo ni mpindo wangu. Nami niliutoa kwa mzee Mbaluka aliyenifundisha, naye sijui aliutoa kwa nani.

Kwetu sisi wachongaji umbo halina mwenyewe. Mtu akiondoka na umbo lako humfuati wala humshtaki. Lakini kipande chake cha kwanza anakuletea mkononi, na hasemi maneno mengi. Wewe humsifu wala humlaumu. Unachukua msasa, unakigeuza, unakipiga tumboni, mahali ambapo mnunuzi haangalii, kisha unamrudishia. Maana yake ni nenda salama. Ukikataa kukigusa, umemkata, na kila mtu atajua umemkata.

"Angalia yangu," akasema Nzivo.

Nikachukua msasa. Nilifika katikati ya tumbo la twiga, mkono ukasimama.

"Kuna ufa?" akauliza.

"Hakuna ufa."

"Basi mbona umeganda?"

"Nzivo, Caleb anaijua desturi hii?"

Akacheka. "Caleb? Ameona wangapi wakikuletea vipande hapa? Anaijua kuliko watoto wetu." Akaniangalia vizuri. "Kwa nini? Amekuletea kitu?"

"Ameniletea."

"Na umekipiga msasa?"

Nilimaliza twiga wake taratibu, nikampa, akaenda. Halafu nikakaa kwenye kiti cha Caleb, maana changu kilikuwa juani, nikaitafuta ile linki.

Kiua chekundu kilizunguka, kikapotea. Nilisoma alasiri yote. Kulikuwa na mama aliyezaliwa katika chumba ambamo mama yake naye alifia, anauliza kama ghorofa zikijengwa funguo zitapewa nani. Kulikuwa na mtu wa Mathare aliyeeleza tingatinga linavyosikika asubuhi, linavyofanana na mvua ikiwa bado mbali. Kulikuwa na wapuuzi wawili wakirushiana makabila, na Caleb akiwaambia hapa mtagombana kwa hoja au mtanyamaza. Yeye mwenyewe alikuwa ameandika upuuzi mwingi, na ningekuwa ndani ningemwambia. Na katikati ya hayo yote, kama mtu anayepita sebuleni watu wakibishana, "Yamefika kwa Mama Annah." Maji na nyumba vilikuwa vinaelea pamoja. Nilijua nimeyasikia wapi mazungumzo ya namna hiyo. Nilikuwa nimekaa hapohapo.

Ndipo nikatafuta tumbo, mahali pa kupiga msasa wangu.

Nilipitia orodha ya mifereji yake, nyumba kwa nyumba. Yote ilikuwepo, sawasawa na yangu, isipokuwa mmoja. Ule wa nyuma ya ukumbi, unaotazamana na mlango wa banda langu, haukuwepo. Caleb alinawa mikono pale kila jioni ya Mungu kabla ya kwenda kwake. Sikujua kama aliusahau, au aliuondoa kwa hasira, au aliniachia mimi makusudi.

Nilirudi kwa Celine. Safari hii nilianza na salamu.

"Nataka kurekebisha kitu kwa Caleb."

Hakucheka, lakini ilibidi ageuke aangalie ukuta kidogo. Akanionyesha mahali. "Hapa unaandika kile hakiko sawa na vile kinafaa kuwa. Inaenda kwake. Anakubali ama anakataa."

"Akikataa?"

"Unabaki na yako, mzae."

Nikaandika kwa kidole kimoja: "Ongeza mfereji wa nyuma ya ukumbi. Banda la mchongaji." Nikaweka jina langu, Mwangangi, ili asiseme hakujua ni nani.

Siku ikapita kimya. Nyingine nayo ikapita. Nilichonga vibaya, kifaru mmoja alipoteza pembe. Sikulala mchana, kwa sababu niliogopa kuiona theluji na mgongo ule. Mutheu aliniuliza mbona nashika simu kama yai. Nikamwambia aangalie sukuma yake.

Kisha alasiri moja, kiua chekundu kilipopotea, niliuona kwenye orodha. Ulikuwa umeongezwa kama nilivyoandika, ila mwenyewe alikuwa ametia neno lake: "Banda la mchongaji asiyesikia."

Nilikuwa bado naangalia maneno hayo mlango ulipoziba mwanga. Caleb aliingia, akawatazama vifaru waliopangwa ukutani mmoja baada ya mwingine.

"Wana upele hawa," akasema.

"Hawakuwa na daktari."

Akakaa kwenye kiti chake. Akachukua msasa, akampakata kifaru asiye na pembe, akaanza na paja. Ikarudi ile sauti, shwaa, shwaa, na vumbi likaanza tena kupanda kwenye mistari ya jua.

"Umenirudisha kwako?" akauliza.

"Sijakurudisha. Kule bado ni maji tu."

"Sawa. Kwanza kule kwako ni makaburini."

"Na kwako ni soko la Gikomba siku ya mnada."

"Gikomba watu wanapata nguo, omera." Akampuliza kifaru, vumbi likaniingia machoni. "Jumamosi kuna mkutano ukumbini. Wa nyumba."

"Najua. Nimesoma."

"Utakuja?"

"Ukumbi si huo hapo? Nikikaa mlangoni nitasikia."

"Wewe? Utasikia?"

Nilikuwa natafuta jibu la kumkata nalo, na nilikuwa nimelikaribia, mfereji wa nje ulipokohoa. Tukageuka wote wawili. Ukavuta ile pumzi yake ndefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka majina, safari hii mawili.

"Andika," nikamwambia.

"Andika wewe."

Nikatoa simu, naye akatoa yake. Kiua cha buluu kikazunguka juu ya goti langu, chekundu juu ya lake, na vumbi la muhugu likatuangukia polepole mabegani, jeupe kwenye jua, bila baridi yoyote. Tukaandika wote, kila mmoja kwake, na maji hayakutungoja tumalize.