Msamaha Usio Wake

Ofisini walimwita Pacha, kwa sababu yeye na Mheshimiwa walikuwa na mdomo mmoja. Mheshimiwa akifurahi, Pacha ndiye aliyeandika kwamba amefurahi. Mpiga kura akifiwa, Pacha ndiye aliyelia, tena kwa maneno ya kumtoa mtu machozi, na mshumaa mdogo chini yake. Mheshimiwa mwenyewe alikuwa ameshasahau neno la siri la ukurasa wake wa mtandaoni, na hakuona sababu ya kuliulizia. Maelfu ya watu waliodhani wanazungumza naye walikuwa wakizungumza na baba mmoja mwenye miwani, aliyejibanza kwenye chumba nyuma ya mapokezi, kati ya mashine ya kuchapishia na maboksi ya fulana zilizobaki kwenye kampeni.

Pacha aliipenda kazi yake, tusimsingizie. Alikuwa na kipaji cha kuandika kama mtu aliyeguswa, hata siku ambazo hakuna kilichomgusa zaidi ya njaa.

Asubuhi moja, chini ya picha ya Mheshimiwa akikata utepe, akaona maneno ya mama mmoja. "Mwanangu, mimi ni mke wa mwalimu wako wa darasa la nne. Mwalimu yuko kitandani, macho yamefifia, kila siku anakutaja. Ana neno anataka kukuambia. Hatuombi kitu."

Watu wasioomba kitu walikuwa adimu pale. Pacha akakunja mikono ya shati, akajibu papo hapo, mbele ya macho ya wote: "Mama yangu, bila mwalimu nisingejua kushika kalamu. Fimbo zake ndizo zilizoninyoosha. Mwambie Jumamosi nakuja mwenyewe, nikae miguuni pake kama zamani."

Hakumjua mwalimu huyo wala fimbo zake. Yote aliyatoa kichwani.

Kabla chai yake haijapoa, jibu lile lilikuwa limesambaa. Gazeti moja la mtandaoni likaweka picha ya Mheshimiwa na kichwa cha habari kikubwa: MHESHIMIWA AMLIZA MKE WA MWALIMU WAKE. Hakuna aliyempigia mama yule kumuuliza kama kweli amelia. Kampuni ya magodoro nayo ikadandia humo humo, ikiwatakia walimu wote usingizi mwororo, na bei ya godoro pembeni.

Pacha akaingia kwa bosi akitabasamu, kumweleza ratiba ya Jumamosi. Mheshimiwa alikuwa amevua viatu, miguu juu ya kiti cha wageni.

"Jumamosi nina harusi," akasema.

"Lakini Mheshimiwa, tumeahidi."

"Umeahidi." Akacheka. "Haya, mwalimu gani huyo?"

"Wa darasa la nne."

Kicheko kikakatika. Mheshimiwa akashusha miguu, akatafuta kiatu kimoja chini ya meza, akakivaa taratibu. "Peleka blanketi na sukari," akasema bila kumtazama. "Chukua video. Sema nimepata dharura."

Jumamosi Pacha akafika. Uani viti vya kuazima vilikuwa vimepangwa kwa mistari, majirani wameoga na kupendeza. Mlango wa gari ulipofunguka wakasimama wote. Pacha akashuka na boksi lake la sukari, nao wakaendelea kuangalia nyuma yake.

"Yuko kwenye gari linalofuata?" akauliza mama, mke wa mwalimu, akijiweka sawa mtandio.

"Hakuna gari linalofuata, mama. Amepata dharura."

Mama akawatazama majirani zake, akatazama viti. "Basi ingia ndani, baba," akasema kwa sauti ya chini. "Nitamwambia mwenyewe, polepole. Tangu alfajiri amevalishwa koti."

Chumbani mwalimu alikuwa ameegemezwa mito, amenyolewa ndevu, kidevuni alama mbichi ya wembe. Kusikia nyayo akanyoosha mikono yote miwili hewani.

"Amefika?"

Mama akafungua mdomo. Lakini Pacha alikuwa ameshapiga hatua na kuishika ile mikono. Alitaka kusalimia tu. Ndivyo alivyojiambia baadaye, mara nyingi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, marahaba! Sauti imekuwa nzito, ehe?" Mzee akatabasamu kwa ufizi mtupu. "Umekuwa mtu mzima."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Pacha alipaona kabisa, na mama naye alikuwa akimkazia macho akingoja. Sekunde zikapita, kisha mwalimu mwenyewe akaanza.

"Keti. Nilikuita kwa sababu ya ile saa yangu. Ilipopotea nikasema ni wewe, maana nyinyi ndio mlikuwa maskini kuliko wote darasani. Sikuwa na sababu nyingine. Nikakuvisha ubao shingoni, nimeandika MWIZI kwa mkono wangu, ukasimama nao mbele ya shule nzima mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Hukulia. Ulinitazama tu." Akapapasa koti lake. "Likizo ilipofika nikaikuta ndani ya bitana ya koti langu. Mfuko ulikuwa umetoboka. Nikaenda kwenu, nikakuta mmehama. Hapana, ngoja niseme kweli. Nilingoja mhame, ndipo nikaenda. Niliona haya. Mtu mzima mimi, nikamwogopa mtoto. Nisamehe, mwanangu."

Pacha hakuwahi kukosa neno kwa jina la Mheshimiwa, na hata sasa hakulikosa.

"Nilishakusamehe, mwalimu. Zamani sana."

Lilimtoka kirahisi, laini, kama alivyokuwa akiandika kila siku. Mzee akabana macho, machozi yakamtiririka bila sauti hadi kwenye kola ya koti. Mama akageukia ukutani.

Akamsindikiza mgeni wake hadi kwenye gari. "Yale maneno ya fimbo," akauliza, "aliandika yeye?"

"Mimi, mama."

"Na ya kukaa miguuni?"

"Mimi."

"Nimemsomea kila baada ya chakula. Amekwisha kuyakariri." Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha. "Nenda, mwanangu. Wageni wangu wanatuangalia."

Njiani simu ikalia. Nyuma ya sauti ya Mheshimiwa muziki wa harusi ulikuwa ukidunda. "Video ipo?"

"Haikushika, Mheshimiwa."

"Basi andika kwamba nimefika, tumekumbatiana, mambo hayo unayajua. Tafuta picha yoyote ya zamani."

Pacha akasimamisha gari kando ya barabara. Uso ulikuwa ukimwaka kama aliyepigwa kofi. Akafungua ukurasa, akaandika: "Mheshimiwa hakwenda kwa mwalimu wake. Majibu yote mnayoyasoma hapa naandika mimi, msaidizi wake. Leo mzee ameniomba msamaha akidhani mimi ni yeye, nami nikamsamehe kwa jina lisilo langu. Naona aibu." Akabonyeza.

Moyo ukawa mwepesi. Akajisikia mtu mwema. Na hapo hapo, kabla hajawasha gari, akajikuta anaangalia ni wangapi wamependa.

Jioni hiyo alikuwa hana kazi. Neno la siri likabadilishwa, maneno yake yakafutwa, tangazo likatoka kwamba ukurasa ulidukuliwa na watu wasiojulikana. Lakini kila mtu alikuwa ameshayapiga picha. Wako waliomwita shujaa, wako waliomwita msaliti. Kampuni ya magodoro haikusema neno.

Kesho yake mama akampigia.

"Wewe baba, hukuweza kugeuza gari?"

"Mama..."

"Waandishi wamejaa uani kwangu. Mmoja ameingia hadi kitandani na kinasa sauti, anamuuliza, unajisikiaje kujua uliyemwomba msamaha siye? Ndivyo alivyojua. Kwa mtu wa redio! Dunia nzima umeiambia, mume wangu ukamfanya wa mwisho."

Mama akakata simu. Pacha alikuwa amedhani amejivua nguo yeye peke yake. Kumbe alikuwa amewavua na wao.

Alipokwenda tena kwa mwalimu, hakujipa nafasi ya kufikiri. Uani waandishi walikuwa wameondoka, na viti vimesharudishwa kwa wenyewe. Mama akampisha mlangoni bila salamu. Mwalimu alikuwa amelala chali, shuka hadi kifuani.

"Ni mimi, mwalimu. Yule wa Jumamosi. Nimekuja kukuomba radhi."

Mzee akageuza uso kuelekea sauti ilikotoka.

"Sasa aliyenisamehe ni nani?" akauliza mwalimu.

"Hakuna, mwalimu."

"Hakuna." Mzee akalirudia neno lile kama anayelionja. "Wewe kazi yako ni kumsemea mtu. Basi nisemee mimi. Nenda kamwambie habari ya saa. Usimwandikie."

Pacha akaenda. Mlinzi wa geti la ofisi, aliyezoea kutaniana naye kila asubuhi, akamwambia asisogee. Akasimama juani, wapita njia wakimnyooshea vidole na simu. Gari jeusi lilipotoka akaingia mbele yake. Kioo kikashuka kidogo.

"Una wazimu?" akasema Mheshimiwa. "Unajua ulichonifanyia?"

"Najua. Mwalimu amenituma. Saa aliikuta kwenye bitana ya koti lake. Anasema hukuiba, na alijua hukuiba, akaona haya kukutafuta. Anakuomba radhi."

Hasira ikamtoka Mheshimiwa usoni kama maji kwenye beseni lililotoboka. Bila tabasamu la mabango alikuwa mtu mwingine kabisa, na Pacha, aliyemwandikia moyo wake miaka yote ile, akatambua kwamba hakuwahi kumwona.

"Mama yangu alikufa akiamini niliichukua," akasema Mheshimiwa. "Nilimlilia, hakunisadiki. Mwalimu hawezi kusema uongo, ndivyo alivyonijibu."

Kioo kikapanda. Gari likaondoka.

Njia nzima ya kurudi Pacha alipambana na nafsi yake. Maneno matamu yalimjia yenyewe, yamekwisha kupangika: amelia, amesema yamekwisha, anakusalimu. Mzee angekufa ametulia, na nani angejua? Akaketi kando ya kitanda.

"Nimemwambia. Hakusema amesamehe. Amesema mama yake alikufa akiamini mwanawe ni mwizi, kwa sababu alikuamini wewe."

Mama akashika mdomo. Akamtazama Pacha kwa jicho ambalo hakuna mtu angetaka kutazamwa nalo mara mbili. Kifua cha mwalimu kikapanda na kushuka chini ya shuka, na kidole kimoja kikawa kinakwaruza ukingo wa kitanda.

"Amezikwa wapi?" akauliza hatimaye.

"Sijui, mwalimu."

"Kaulize."

"Mwalimu, hawataniruhusu tena hata..."

"Kaulize, nimekwambia."

Pacha akainuka. Mama akatangulia kumfungulia mlango, akaushikilia mpaka alipopita. Safari hii hakumwita mwanangu.