Mémoire ya Chilufya na Ukoo wa Udongo

Miaka ile nilipofanya kazi kwenye reli ya Sakania, niliona nyoka mrefu hivi kwamba kichwa chake kilivuka mpaka bila hati na mkia ukakamatwa na forodha. Ninaanza na huyo nyoka ili msomaji ajue mapema kipimo changu cha ukweli. Haya mengine yalitokea kama ninavyoyaandika, isipokuwa pale nilipoona hayatoshi.

Mjukuu wangu Chilufya ni muuguzi. Alipochoka kuona wagonjwa wakisumbuliwa na mpangilio mbaya kuliko malaria, akaenda chuo kusomea master ya uongozi na usimamizi wa huduma za afya. Masomo akayamaliza. Ikabaki mémoire, lile andiko la mwisho ambalo bila hilo masomo yote ni mabehewa yasiyo na kichwa cha treni.

Andiko lake lilihusu kituo kimoja cha afya hapa mtaani kwetu Hewa Bora, ambacho jina lake nimelimeza. Alitaka kujua kwa nini watu wanafika alfajiri, wanangoja, halafu wengi wanaondoka kabla ya kutibiwa. Akachapisha maswali, akawauliza kwa adabu zote. Wakamjibu kwa sauti moja. Kungoja? Bien, yaani vizuri. Wauguzi? Bien. Choo? Bien sana, na choo chenyewe hakikuwa na mlango. Hapa kwetu mtu akikujia na karatasi na kalamu, unamjibu vizuri ili aende zake. Nani anajua kama kesho sindano haitakuwa mkononi mwa yule uliyemsema?

Profesa Sylvain, aliyemsimamia, alimwambia kituo kisicho na lawama hata moja bado hakijajengwa duniani. Apate wanachofikiri watu kweli kabla ya mwezi kwisha, au angoje mwaka ujao. Na mwaka ujao ulikuwa mbali mno, kwa sababu hospitali anakofanya kazi ilitafuta mtu wa kuongoza idara ya wazazi, tena mwenye master mkononi. Nafasi hiyo isingemngoja.

Jioni ile alikaa mezani akiuchokonoa bukari, ugali wetu wa huku, bila kuula.

"Nkambo, minachoka," akaniambia mimi babu yake. "Ile mémoire minaiacha. Nitabakia ku sindano yangu."

Nikafungua mdomo nimpe habari ya nyoka wa Sakania. Hapo ndipo Mama Léa, jirani yetu, akaingia bila kubisha hodi, mguu wake umefungwa bandeji mpya.

Inafaa nieleze. Mama Léa ni wa ukoo wa udongo, mimi ni wa ukoo wa mvua, na mvua na udongo ni watani tangu kabla padri wa kwanza hajafika huku. Mvua huyeyusha udongo, udongo humeza mvua. Kwa hiyo naweza kumnyang'anya nyama sahanini, naye siku ya kufa kwangu ana haki ya kukalia jeneza na kudai nizikwe nimeketi ili nisimalize nafasi. Kutukana si kosa. Kosa ni kukasirika.

Basi nikamuuliza kulikoni ameondoka alfajiri kwenda kituoni na kurudi jua likizama. Au wauguzi waliogopa kumuosha kidonda, asije akawayeyukia sakafuni?

"Nyamaza, weye mvua ya bure," akasema huku akivuta kiti changu. "Tangu asubuyi niko kule. Bauguzi banajifungia mu chumba mpaka saa ine. Hakuna muntu anatoka hata kusema 'mungoje'. Ule chef yabo anapita mu couloir mbele yetu anaangalia ku plafond, sawa vile shiye tuko mavumbi. Hata weye mvua, hauna akili, lakini mbele ya kunyesha unangurumaka kidogo."

Chilufya akaacha kuchokonoa. Akamuuliza Mama Léa mbona juzi, kwenye maswali yake, alijibu kwamba yote ni bien.

"Uliniuliza na heshima," Mama Léa akasema. "Na miye nikakujibu na heshima."

Chilufya akamtazama yeye, akanitazama mimi, kisha akala ule bukari wote, na ulikuwa umeshapoa. Wazo la kuwauliza watu kwa utani lilikuwa lake. Mimi nilichangia mdomo tu.

Kesho yake akanipeleka kituoni. Kila mtu alimwomba ruhusa, akamwonyesha simu inayorekodi, kisha akamuuliza ukoo. Wa udongo aliwaleta kwangu. Yeye ni wa ukoo wa mamba, kwa upande wa marehemu bibi yake, na watani wa mamba ni samaki. Basi watu wa samaki Chilufya akawashughulikia mwenyewe, na sikujua kwamba mtoto yule ana ulimi wa namna hiyo. Mabenchi yakachangamka kama arusi. Niliambiwa kwamba nilistaafishwa kwa ombi la treni zenyewe, na kwamba upara wangu ni mto uliokauka kwa aibu. Na katikati ya matusi hayo, kituo kizima kikatoka: dirisha la dawa linalofunguliwa linapojisikia, mlango wa nyuma wa wenye kujuana, na kile chumba kilichofungwa kila asubuhi.

Vicheko vikanilevya. Nikamwona mzee mmoja mkimya mwenye rozari, nyayo zake zimepasuka, nikajisemea huyu bila shaka ni udongo. Sikumuuliza ukoo. Nikamuuliza kama amekuja kutibiwa au kuzibwa nyufa.

Kumbe ni Mzee Stanislas, mkatekista, Mluba wa kaskazini, asiye na utani wowote na mimi. Aliinuka, akashika fimbo yake, akaenda moja kwa moja kwa André, mkuu wa kituo, yule chef wa Mama Léa.

André akatuita na kufunga mlango. Akasema utafiti umekwisha. Angekiandikia chuo kwamba mwanafunzi wao ameleta wahuni kutukana wagonjwa. Nikaanza kumweleza habari za nyoka wa Sakania, Chilufya akanikanyaga mguu. Kwanza akatoka kumwomba Mzee Stanislas msamaha, akakaa naye kitambo. Aliporudi akaweka simu mezani.

"Chef, kama unataka kuandika, andika. Lakini sikiliza kwanza."

André akasikiliza mikono imekunjwa. Ilipofika habari ya yule chef anayetazama juu, akainua macho kwenye dari. Akajigundua, akayashusha haraka.

"Plafond inavuja," akasema polepole. "Minaangaliaka fasi ya kutia ndoo. Banafikiri minabazarau?"

"Njo bile banafikiri. Haukubaambia."

"Na mu chumba tunafanyaka réunion. Tunapokea habari za bagonjwa ba usiku."

"Hiyo pia haukubaambia, Chef."

Hakuandika barua. Asubuhi iliyofuata alitoka akasimama mbele ya mabenchi kabla ya mkutano, akaeleza wauguzi wangapi wamefika, nani ataanza, na dawa gani haipo. Watu wakashikana mikono wakidhani anatangaza msiba. Baadaye wakazoea. Chilufya akahesabu upya, akaandika sura yake ya mwisho: kungoja kulibaki kurefu vilevile, ila wanaoondoka bila kutibiwa walipungua sana.

Siku ya kuitetea mémoire, ukumbi ulikuwa na joto la tanuri. Walizungumza Kifaransa, mimi nawapa Kiswahili. Profesa Edith, mkuu wa jury, lile jopo la watahini, akavua miwani.

"Watu hawa walikuwa wanatania. Unajengaje sayansi juu ya matusi?"

Chilufya akazipanga karatasi zake upya. Mimi nikaona ule mwaka ujao ukiingia mlangoni.

"Matusi nimeyaacha, Profesa," akasema. "Nimechukua tu lawama iliyosemwa na watu ambao hawakukaa pamoja, kisha nikaenda kuiona kwa macho. Mzee mmoja aliniambia mambo yaleyale bila utani wowote. Tulikuwa tumemkasirisha."

"Na mtafiti asiye na watani?"

"Ashirikiane na mwenye nao. Au akasirishe watu, lakini njia hiyo siishauri."

Profesa Sylvain akakohoa kicheko chake kwenye leso. Tukatolewa nje wajadiliane. Mama Léa, aliyekuja nasi, alikuwa na kopo la poda tayari, maana huku aliyefaulu humwagiwa poda, na kwa hofu alikuwa ameshajimwagia nusu mwenyewe. Tuliporudi wakasoma: amefaulu, tena vizuri, mradi aongeze ukurasa wa kueleza utani kwa wasomaji wa mbali. Poda iliyobaki ikamwishia Chilufya kichwani, akawa mweupe kama unga wa muhogo, analia na kucheka kwa pamoja.

Ukurasa ule nilimsaidia. Nilimpa maelezo marefu, kuanzia siku mvua na udongo walipogombania kiti katika gari-moshi. Alinishukuru sana, akaandika nusu ukurasa wake mwenyewe, akaipeleka mémoire chuoni ikiwa na jalada gumu.

Sasa ndiye anaongoza idara ya wazazi. Asubuhi yake ya kwanza alitoka kwa wamama waliokuwa wakingoja, akajitambulisha, akawaeleza siku itakavyokwenda. Wakamsikiliza kwa heshima kubwa, na heshima hiyo ikamtia wasiwasi. Kisha mmoja, tumbo lake limefika mwisho, akauliza kutoka nyuma huyu chef mupya ni wa ukoo gani.

"Wa mamba," Chilufya akasema.

"Aa! Shiye tuko samaki," mama yule akasema. "Kuya hapa, weye meno ya bure, nikuambie bile bitanda byenu biko."

Chilufya akavuta kiti, akaketi.