Karibu ya Tatu

Usiku wa jana, tumbo likiwa tupu, niliota migahawa ya mji wa Lyon imepanga foleni mlangoni kwa binti yangu Nasra, kama washenga waliokuja kuposa.

Nasra ameishi Ufaransa miaka tisa sasa, nami nimefika kumtembelea Jumanne. Ndotoni ameshavaa koti. "Mama, chagua wewe pa kula," ananiambia. "Lakini ikigonga saa nane mji mzima unafunga majiko, na hakuna atakayekupikia tena."

Najifunga kanga, nashuka ngazi.

Ya kwanza ni bistro ndogo yenye mapazia mekundu. Ubao wake, ule wanaoandikia vyakula vya siku kwa chaki, unaniamkia. "Shikamoo, Bi Mkubwa. Karibu chakula. Leo tuna samaki wa mtoni kwa siagi."

Mate yananijaa. Lakini mimi nimelelewa Tanga. Karibu ya kwanza ni salamu, ya pili ni heshima, ya tatu ndiyo chakula. Mtu mwenye kwao hakimbilii sahani.

"Marahaba," najibu. "Asante, nimeshiba."

Nasubiri nibembelezwe. Ubao unachukua chaki, unaandika AMESHIBA, unanitakia siku njema. Bistro inakusanya mapazia yake na kuondoka kuelekea mtoni.

Watu gani hawa, hata kukuvuta mkono hakuna?

Wa pili ni mgahawa wa nyota tatu. Nyota zenyewe zimening'inia juu ya mlango, zinatoka jasho. Ndani meza zote zimeshikwa: kila moja imekumbatiwa na bwana mwenye tai.

"Moja tutakuachia wewe," inasema nyota ya katikati. "Karibu bata."

"Wee, nimeshiba mpaka hapa," nasema, na kugusa koo.

Bwana mmoja anaacha meza yake, anatoa futi ya fundi cherehani, anapima kuanzia tumboni hadi niliposhika. "Sentimita thelathini na nane," anawatangazia wenzake. "Kweli, hakuna nafasi."

Mgahawa unajizima kama taa. Nabaki barabarani na aibu yangu.

"Aliyeshiba ni nani humu?" linauliza tumbo langu.

"Nyamaza, tuko ugenini."

"Tuko kwa mwanao, mama. Adabu yako inakula peke yake, mimi na wewe tunaitazama."

Nakimbia. Mtaa wote umefungwa, isipokuwa mlango mmoja, na mlangoni kasimama Nasra amevaa aproni, mfuniko wa sufuria mkononi. Harufu ya pilau inanifikia hadi magotini. Kando yake kuna ubao: JUMANNE, AMESHIBA. JUMATANO, AMESHIBA. ALHAMISI, AMESHIBA.

"Mama, utakula?" anauliza. Mara moja tu, kisha anaanza kurudisha mfuniko.

"Haya umeyasema wewe," ubao unaniambia. "Mwenye kuyafuta ni wewe."

Naona haya. Mtu mzima mimi, nimlilie njaa mtoto niliyemlisha kwa mkono wangu! Kengele ya kanisa inavuta pumzi ili igonge. Nashika pindo la kanga, nafuta Jumanne, nafuta Jumatano, nafuta mpaka ubao unapiga kelele.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha.

"Mama, utakunywa chai?" Nasra aliuliza kutoka jikoni.

"Asan..." nikaanza, kama kawaida yangu. Ndipo nikaliona pindo la kanga. Lilikuwa jeupe kwa vumbi la chaki, na katika nyumba ile hamna chaki.

"Nina njaa, mwanangu," nikasema. "Tangu Jumanne."

Kutoka jikoni nikasikia yai likipasuliwa, la pili, la tatu. Nasra akaja mlangoni, mwiko mkononi, macho yamelowa.

"Ya Rabi, nilisahau, mama. Karibu," akasema. "Karibu. Karibu."

Tumbo langu likaitikia kabla yangu.