Kutoka Mdomo Hadi Mkia

Kazi yangu ni kupima samaki: kutoka ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia, kisha kimo cha tumbo na urefu wa mapezi. Nimeifanya miaka kumi na tisa. Lakini mke wangu Wacera alilelewa kwa Wakikuyu wa zamani, na kwake samaki alikuwa nyoka wa majini. Kila jioni alinizuia mlangoni hapa mtaani Baba Dogo, ndoo na sabuni tayari, akanusa vidole vyangu majirani wakitazama.

“Bado unanuka, mzee. Nawa tena.”

Nilikuwa nachemka kwa hasira!

Tulimzika Wacera mwezi wa tatu. Jana, kwa ukaidi tu, nilileta samaki nyumbani, ngege mzima. Nilimlaza mezani, pale Biblia yake ilipokuwa ikikaa, nikamfunga mdomo na kumpima kwa rula: sentimita ishirini na nane. Nikamkaanga, nikamla hadi kichwa. Moshi ulijaa nyumba nzima, na hakuna aliyenigombeza.

Nilipomaliza nilitoka nje na ndoo, nikanawa mara mbili, kisha nikasimama mlangoni nimenyoosha mikono.